Tangazo la Saba

Bukoba,
Jumatano, 25 Juni 2025

Kaka Alexander,

Pokea salamu zangu kutoka hapa mjini, wewe, wifi Restituta na watoto wote. Habari za Ngenge, na mpunga unaendeleaje? Mwezi uliopita nilikutana na mtu wa huko pale stendi ya Muleba, akaniambia mvua ilikatika mapema, nikakuwaza sana. Wifi kile kifua kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye anakusalimu. Goti bado linamsumbua, lakini kanisani anafika, na ameniagiza nikuambie kwamba hata kama hutaki tena kuongea na watu wa Kaagya, yeye ni mdogo wa mama yako na hajagombana na wewe, kwa hiyo anasubiri umjulie hali.

Nimekupigia simu mara nne tangu Pasaka na hukupokea. Silalamiki. Tangu siku ile ya Desemba ulipoinuka katikati ya kikao cha ukoo ukasema hutakanyaga tena Kaagya maadamu baba yako mdogo, Baba Clavery, yu hai, hakuna hata mmoja wetu aliyesikia sauti yako. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Nakuomba usiichane kabla ya kuifikisha mwisho. Nitaanza na habari za kazini kwangu, na huenda zikakuchosha, lakini wewe ni mwalimu wa hisabati, utazifuata, na utaona kwa nini nimezitanguliza.

Unajua kwamba hapa redioni mimi ndiye niliyeandika programu ya kompyuta inayorusha matangazo, hasa matangazo ya vifo ya saa saba mchana na ya saa kumi na mbili jioni. Zamani mtu alikuwa anakaa studio na kuyaweka moja moja kwa mkono. Mimi nilikuja na diploma yangu nikamwambia meneja, Bwana Nathanael, kwamba kompyuta itafanya yote yenyewe. Alikubali. Yule mtu akahamishiwa mapokezi.

Kaka, programu hiyo imenitesa. Tangu mwaka jana ilikuwa inakwama. Si kila siku, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi zaidi, kwa sababu kitu kinachoharibika kila siku unakikamata. Hii ilikaa wiki tatu ikifanya kazi vizuri, halafu mchana mmoja ikasimama katikati ya orodha kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Na mbaya kuliko yote, hakuna aliyegundua. Studio kuna mashine ya akiba: redio ikikaa kimya zaidi ya sekunde ishirini, mashine hiyo inaweka nyimbo za kwaya. Kwa hiyo matangazo yalipokwama watu walisikia kwaya, na mtangazaji wa zamu alidhani orodha imekwisha, akaendelea kuandaa habari zake.

Nikueleze ilivyokuwa. Programu yangu haichezi sauti yenyewe. Inaamsha programu nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kufungua faili moja la sauti na kulicheza hadi mwisho. Sisi waandishi wa programu, hiyo inayoamshwa tunaiita mtoto, na inayoamsha tunaiita mzazi. Mtoto akiwa kazini anatoa taarifa kwa maandishi: nimefungua, nimefika sekunde ya kumi, nimemaliza. Taarifa hizo zinapita katika kitu tunachokiita bomba, na mzazi anazisoma upande wa pili. Nilivyoandika mimi, mzazi anasoma mstari, na kama mstari haujaja anasimama hapo hapo kuusubiri. Haangalii saa wala kuuliza kama mtoto amekufa au yu hai. Akisubiri, amesubiri, na matangazo yote yaliyo nyuma yanasubiri pamoja naye.

Nilianza kuirekebisha Januari. Kwanza nikaiamuru isisubiri kabisa: ichungulie bombani, ikikuta hakuna kitu iendelee. Ikawa inachungulia maelfu ya mara kwa sekunde, kompyuta ya studio ikachemka kama jiko, na mahubiri ya asubuhi yakatoka yakikatikakatika. Bwana Nathanael aliniita mbele ya wenzangu akasema yule mtu wa zamani hakusoma chuo, lakini mahubiri hayakuwahi kukatika.

Nikatafuta njia nyingine. Upo utaratibu wa kuiuliza kompyuta ni bomba gani lenye neno la kusomwa, na kama hakuna, ikurudishie jibu baada ya muda uliouweka. Niliuandika kwenye laptop yangu, nikaujaribu siku mbili, ukafanya kazi vizuri mno. Nikaupeleka studio, ukakataa dakika ile ile. Kumbe kompyuta ya studio ina mfumo mwingine, na katika mfumo huo utaratibu ule unakubali mawasiliano ya mtandao tu, mabomba hauyajui. Siku mbili zangu zikaenda bure. Nilikaa kwenye kiti nikiangalia ukuta.

Machi nikasema basi, nitampa mtoto muda. Asipotoa neno kwa sekunde kumi na tano, mzazi amzime na kuendelea na tangazo linalofuata. Hapo ndipo nilipofanya vibaya zaidi. Sikujua kwamba mtoto huyu, akiona anaandika bombani na si kwenye kioo cha kompyuta, hatoi maneno moja moja. Anayaweka akiba mpaka yawe mengi ndipo ayamwage kwa pamoja. Kwa hiyo alikuwa mzima, anacheza tangazo vizuri, ila kimya kwa upande wangu, na mimi nikawa namzima. Nilikata tangazo la mzee mmoja wa Kamachumu baada ya jina lake kutajwa na kabla ya kutajwa mahali pa mazishi. Wanawe walikuja ofisini wawili, wamevaa nguo za msiba. Hawakufoka. Waliuliza tu kama tunaweza kulirudia, maana ndugu wanapiga simu wakiuliza waende wapi. Nilirudi mezani kwangu nikaifuta kazi ya wiki sita.

Aliyenifungua macho ni Rohit, mjukuu wa mzee Umedbhai, yule mwenye duka la redio na vifaa vya umeme ambako mama mkubwa alikuwa ananunua betri. Siku hizi duka liko mikononi mwake, na anatengeneza kompyuta pia. Nilikwenda kununua waya mwanzoni mwa mwezi huu, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa nikamweleza yote pale pale kaunta. Akasikiliza huku anapanga balbu. Nilipomaliza akaniuliza mtoto ana mabomba mangapi. Nikamwambia mawili, moja la taarifa na lingine la kulalamikia makosa. Akauliza, na hilo la pili nani analisoma?

Nikamwambia hakuna.

Kaka, hapo nikaelewa. Faili likiwa limerekodiwa vibaya, mtoto analalamika kwenye bomba la pili, mistari mamia kwa mamia. Bomba lina ujazo wake. Likijaa, mtoto hawezi kuandika tena, na hawezi kuendelea na kazi mpaka mtu alipunguze. Anasimama. Na mzazi amesimama kwenye bomba la kwanza, anangoja neno ambalo mtoto hawezi kulitoa. Wanaweza kukaa hivyo mpaka umeme ukatike. Ndiyo maana haikutokea kila siku. Ilitokea tu siku ambayo mtu alileta tangazo refu alilolirekodi vibaya kwa simu.

Nikaandika upya. Sasa kila bomba lina msomaji wake aliyewekwa hapo tu, kazi yake ni kusoma na kuweka alichokisoma kwenye foleni. Mzazi haendi bombani tena. Anaangalia foleni, na ikiwa tupu anasubiri sekunde moja, halafu anaendelea na shughuli zake na kuangalia saa. Urefu wa tangazo anaujua tangu mwanzo, kwa hiyo likipitisha muda wake anamzima mtoto, anaandika jina la tangazo kwa rangi nyekundu kwenye kioo ili mtangazaji alisome mwenyewe kwa mdomo, na anaenda kwa linalofuata. Tangu tarehe kumi na mbili mwezi huu inafanya kazi. Haijakwama hata mara moja.

Nilipaswa kufurahi. Lakini programu kama hiyo huwezi kusema imepona mpaka uijaribu kwa faili lile lile lililokuwa linaikwamisha, na faili hilo mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu Desemba.

Sasa nifike ninapokwepa kufika tangu mstari wa kwanza.

Mama yako, mama mkubwa wangu Magdalena, alifariki Jumatano alfajiri, tarehe kumi na moja Desemba. Simu yako ilikuwa Muleba kwa fundi, na wifi alikuwa kwao na yake, na shule zilikuwa zimefungwa. Baba Clavery alisema mtu apande pikipiki aje Ngenge akuchukue. Alikuwa ameshamwita mwenye pikipiki. Mimi ndiye niliyesema hakuna haja. Nilisema mbele ya watu wote kwamba Alexander hakosi matangazo ya saa saba hata siku moja, na redio itafika kabla ya pikipiki. Nilisema kwa majivuno, kwa sababu redio ilikuwa yangu. Basi Baba Clavery akaja mwenyewe mjini, akarekodi tangazo kwa sauti yake, litoke saa saba na tena saa kumi na mbili, akarudi Kaagya kwenye msiba. Hakuna mtu msibani aliyefungulia redio kuhakikisha. Tulikuwa tunapokea watu.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Hukuja. Jumamosi mtu akakupa pole sokoni Muleba, na ukajua kwa njia hiyo kwamba mama yako yuko kaburini.

Kabla ya Jumamosi hiyo, kaka, mimi nilikuwa najua. Ijumaa asubuhi nilipita ofisini, nikafungua kumbukumbu ambazo programu inajiandikia. Jumatano saa saba na dakika tisa, tangazo la nne limeanza. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka kesho yake asubuhi, mtu alipozima kompyuta na kuiwasha. Tangazo la nne lilikuwa la watu wengine kabisa, limerekodiwa kwenye simu. Lenu lilikuwa la saba. La mchana halikutoka, na la jioni halikutoka, kwa sababu mzazi alikuwa bado amesimama pale pale kwenye la nne.

Jumapili tukakaa kikao. Ulisema uliketi na redio mchana kutwa, na baada ya tangazo la tatu ikaingia kwaya, ikaendelea nusu saa. Baba Clavery akasema ametangaza, na mtu anayesema hakutangaza anamwita mwongo nyumbani kwake. Ukasema walikuficha makusudi wakuzikie mama bila wewe, ili atakapotajwa mrithi usiwepo na kibanja, nyumba na migomba yote, kibaki kwa Baba Clavery. Mzee mmoja akasema tuna mtu wa redio hapa, tumuulize. Wakaniuliza kama tangazo lilitoka.

Nikasema lilitoka.

Nimejaribu kutafuta namna nzuri ya kuandika mstari huo na sikuipata. Nilijua kwamba kwaya uliyoisikia uliisikia kweli. Katika watu wote waliokuwa pale, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ninyi wawili mlikuwa mnasema kweli, na neno langu moja likakufanya wewe mwongo na mlevi. Naam, walisema ulikuwa umelewa, hukusikia. Nilisema vile kwa sababu ya aibu. Mama mkubwa ndiye aliyenisomesha, kwa kahawa yake, mpaka hiyo diploma. Nikafikiria kusimama mbele ya ukoo wake kueleza kwamba kilichomzuia mwanawe kumzika ni kazi niliyojifunza kwa jasho lake, na kwamba mimi ndiye niliyezuia pikipiki. Ulimi ukasema kingine. Halafu ukainuka ukaondoka, na kila mwezi uliopita likawa gumu zaidi.

Wiki mbili zilizopita, nilipotaka kuijaribu programu mpya, nikachukua orodha nzima ya Jumatano ile nikaicheza mchana kwenye chumba cha kazi, nimefunga mlango. La kwanza, la pili, la tatu. La nne likakwama, likahesabiwa muda wake, likaandikwa kwa rangi nyekundu, likapitwa. La tano. La sita. Kisha nikamsikia Baba Clavery. Sikuwahi kulisikia tangazo hilo, nilikuwa naogopa kulifungua. Anataja jina la mama mkubwa, anataja Kaagya, anasema mazishi ni kesho saa nane. Halafu anaacha kusoma karatasi. Unamsikia anaiweka chini. Anasema: "Alexander, mwanangu, uliyeko Ngenge, ukisikia hii usihangaike na kitu chochote, njoo tu. Hatutamshusha mama yako bila wewe. Tutakusubiri."

Na walikusubiri. Hili hakuna aliyekuambia, kwa sababu uliondoka kabla halijasemwa. Saa nane ilipofika Baba Clavery alikataza jeneza lisitolewe ndani. Mvua ilikuwa imefunga upande wa ziwa, padri ana misa kwingine, watu wananung'unika. Alisimama barabarani, kwenye kona ya kanisa, anaangalia kila pikipiki inayokuja. Saa kumi na moja kasoro ndipo alipokubali, na alikubali kwa sababu mvua ilianza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilimwambia labda betri za redio yako zimekwisha.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kaagya nikamweleza yote. Nilimkuta kwenye mibuni, na alinisikiliza amesimama. Hakunifukuza wala hakunilaani. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa nini nilimwacha aitwe mwizi wa kibanja na mtoto aliyemlea mwenyewe tangu kaka yake afariki. Kisha akageukia mibuni yake. Akaniambia nisimtume yeye kukuambia, niandike mwenyewe. Kibanja cha mama yako hakijagawanywa. Mrithi hakutajwa, alikataza kikao kisiendelee bila wewe. Migomba imepaliwa, amekuwa akiipalilia yeye. Nilimwona amezeeka tangu Desemba, na anakohoa.

Jumatatu nikamweleza Bwana Nathanael pia, nikamwomba tutangaze hewani kwamba siku ile matangazo manane hayakutoka, tuwataje wahusika, tuwaombe radhi. Alikataa. Alisema redio ikikiri kwamba ilipoteza tangazo la kifo, hakuna mtu atakayeleta lingine, na alinishauri hata wewe nisikuandikie. Nilimwambia barua nitaiandika. Akasema basi Ijumaa nije na maelezo yangu ya maandishi, na nisiguse programu mpaka atakapoamua. Sijui itaishaje. Huenda nikarudi kwa mama kulima. Zile familia nyingine saba nimezipata kwenye daftari la mapokezi, na nitazifikia moja moja hata kama nitafukuzwa.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nakuomba jambo dogo zaidi, kwamba usiendelee kumchukia Baba Clavery kwa kosa lisilo lake. Nichukie mimi. Nimemwandikia pia mzee wa ukoo, na amesema atawaita watu wote waliokuwepo siku ile, nirudie mbele yao nilichokuandikia hapa. Nimekubali siku yoyote watakayotaja, uwepo au usiwepo.

Nisalimie watoto, na mwambie wifi kwamba mama amemtengea senene wa msimu uliopita, wamekaushwa vizuri, akipatikana mtu wa kuja Muleba atamtumia. Mungu awalinde nyote.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ataiacha kwa fundi wako wa simu pale Muleba. Ndani ya karatasi ya pili nimefunga kadi ndogo ya kumbukumbu, inaingia kwenye redio yako. Ina orodha yote ya Jumatano ile, kama ilivyotakiwa kutoka. Ruka mpaka la saba. Usilisikilize ukiwa peke yako.

Ni mimi mdogo wako,
Jovina